Daftari, meseji, programu au sensa: kipi kimfae mgonjwa wa sukari au presha unayemuuguza?

Ukiuguza mtu mwenye sukari au presha, hutakosa washauri. Jirani atakwambia ununue mashine, kijana wa nyumbani atakuwekea programu kwenye simu, na ndugu aliye Muscat au London atatuma picha ya sensa, kidude cha kusoma sukari kinachobandikwa mkononi, akiuliza kama mama angeitaka. Vyote hivyo vina kazi yake, ila vinauzwa kana kwamba kila kimoja kinamfaa kila mgonjwa, na sivyo.

Mimi namuuguza mama, mwenye sukari na presha kwa pamoja. Kila kifaa kinachopendekezwa nyumbani nakipitisha kwenye maswali mawili: nani ataiona namba, na akishaiona atafanya nini? Namba isiyomfikia mtu anayeweza kubadilisha mlo, dozi au tarehe ya kliniki ni pesa iliyopotea, hata kama kifaa kimetoka Ulaya. Na namba ya daftari la shilingi chache inayosomwa na daktari kila mwezi inaweza kumwepusha mtu na kiharusi.

Kwa kifupi, hivi ndivyo njia nne kuu zinavyosimama:

| Njia | Inahitaji nini | Nguvu yake | Inapokwama |
|---|---|---|---|
| Mashine na daftari | Betri, stripu (vijiti vya kupokea tone la damu), kalamu | Daktari anaisoma haraka | Aliye mbali haoni |
| Meseji na simu | Simu yoyote, hata ya kitochi | Kuna mtu anauliza | Isipokuwa na mtu nyuma yake |
| Programu ya simu | Simujanja, bando, mazoea | Hupanga namba, humwarifu ndugu | Baada ya wiki chache inaachwa |
| Sensa ya sukari | Pesa nyingi kila mwezi, simu inayokubali | Huonyesha usiku na mchana | Gharama na upatikanaji |

Mashine na daftari

Anzia hapa, hata kama mwishowe utaongeza kitu kingine. Njia nyingine zote zinasimama juu ya vipimo sahihi, na vipimo vingi vya nyumbani vinaharibika kabla mashine haijawashwa.

Chukua presha. Mtu ametoka sokoni, ameweka kikapu chini, anavaa mkanda juu ya shati huku anaendelea kuhadithia bei ya nyanya. Namba itakayotoka si presha yake. Akae kwenye kiti chenye egemeo kwa dakika 5, miguu yote miwili ikanyage chini bila kukunjwa nne, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, mkanda uguse ngozi, na asiongee. Kahawa na sigara ziwe nusu saa nyuma au zaidi. Apime mara mbili kwa kupisha dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na tena jioni. Nyumbani, wastani wa 135/85 kwenda juu unahesabiwa kuwa presha ya juu, ilhali kipimo cha kliniki huanzia 140/90, kwa sababu kliniki mtu amefika kwa daladala, amekaa foleni na ana wasiwasi.

Unapochagua mashine, chukua ya mkanda wa juu ya kiwiko, achana na ya kifundo cha mkono. Angalia pia ukubwa wa mkanda: ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba hupanda kwa uongo na mtu huongezewa dawa asiyoihitaji. Kuna orodha ya kimataifa iitwayo STRIDE BP inayotaja mashine zilizopimwa usahihi wake. Andika jina la modeli kwenye simu kabla hujalipa uone kama imo.

Kwa sukari, mambo ni ya vidole. Mama alikuwa anamenya embe, akapangusa mikono kwa kanga, akajitoboa: 14.2. Nikamwambia, "Mama, hebu nenda ukanawe kwa sabuni turudie." Akanawa, akakausha, akatoboa kidole kingine: 8.1. Ile ya kwanza ilikuwa sukari ya embe iliyobaki kwenye ngozi. Kama angekuwa anajipangia insulini kwa namba ile, angejidunga dozi ya kumwangusha.

Gharama halisi ya sukari iko kwenye stripu. Mashine yenyewe mara nyingine hutolewa kwa bei ya chini sana, hata bure, kwa sababu kila mashine hula stripu za kampuni yake tu. Kupima mara 2 kwa siku ni stripu 60 kwa mwezi, na makopo mengi yana 50. Kwa hiyo swali la dukani liwe "stripu zake zinapatikana mwaka mzima, na bei gani?" kabla ya kuuliza bei ya mashine. Wagonjwa wengi wa kisukari aina ya 2 wanaotumia vidonge pekee, bila insulini, hawahitaji kujitoboa kila siku. Muulize daktari apange siku na saa za kupima, na mtegemee zaidi kipimo cha HbA1c kinachoonyesha hali ya sukari kwa takriban miezi 3 iliyopita. Pesa inayookolewa hapo inatosha kununulia dawa.

Kisha kuna mashine za zawadi. Ndugu aliye Marekani anatuma mashine nzuri, lakini inasoma sukari kwa kizio cha mg/dL wakati kliniki zetu zinatumia kizio cha mmol/L. Namba ya 126 kwenye mashine ile ni 7.0 kwenye kadi ya mama, maana unagawanya kwa 18. Mzee akiona 126 akakumbuka kwamba daktari alimwambia asizidi 10, presha nayo itapanda. Na stripu za mashine hiyo zikiisha, huenda duka lako halina. Ni heri ndugu atume pesa, mashine ununue hapa.

Daftari lenyewe liwe na tarehe, saa, kabla au baada ya kula, namba, na nafasi ndogo ya maelezo: "alikuwa na homa", "alisahau dawa ya jioni", "harusi". Neno moja kama hilo linamweleza daktari zaidi ya grafu. Wapo wagonjwa wanaojaza daftari usiku wa kuamkia kliniki kwa namba za kupendeza ili wasikaripiwe. Usigombane naye, kumbukumbu ya mashine ina tarehe na saa zake, pitieni pamoja kwa upole. Mara nyingi anaogopa kukaripiwa, na hofu hiyo inahitaji maneno mazuri kutoka kwako na kutoka kwa muuguzi.

Meseji na simu: njia inayodharauliwa

Hii ndiyo njia yenye ushahidi wa nyumbani kwetu kabisa, na nashangaa kwamba familia nyingi zinairuka moja kwa moja kwenda kwenye programu.

Nchini Kenya ulifanyika utafiti ulioitwa WelTel, ukachapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet. Wagonjwa 538 waliokuwa wanaanza dawa za VVU waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi la pili lilitumiwa na muuguzi meseji moja kila wiki yenye neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa ajibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu. Basi. Katika kundi la meseji, asilimia 62 walieleza kumeza dawa inavyotakiwa, dhidi ya asilimia 50 kwenye kundi jingine. Na waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Tazama vizuri meseji ile. Haikutaja dawa wala ugonjwa. Mume, mke au dada wa kazi akiishika simu haoni siri ya mtu. Tena haikuamrisha chochote, iliuliza hali tu, na mgonjwa alijua akisema shida kuna mtu atampigia.

Utafiti mwingine wa wagonjwa wa VVU ulifanyika Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, ukachapishwa 2011. Huko walilinganisha meseji za kukumbusha za kila siku na za kila wiki. Za kila wiki zilisaidia: asilimia 53 ya waliozipata walifikia kiwango cha kumeza angalau asilimia 90 ya dawa zao kwa wiki 48, dhidi ya asilimia 40 ya wasiozipata. Za kila siku hazikuonyesha faida hiyo. Anayeuguza azingatie hapo. Ukimtumia baba "umemeza dawa?" kila asubuhi saa 1, baada ya mwezi anaijibu bila kuisoma.

Nisikupe matumaini kupita kiasi kwa upande wa presha. Huko Cape Town, watu 1,372 wenye presha walifuatiliwa kwa mwaka mmoja, na matokeo yakachapishwa 2016: waliopata meseji, presha yao ya juu, yaani namba ile kubwa, ilishuka kwa takriban 2 tu zaidi ya wasiopata. Ni kidogo. Meseji inasaidia mtu mwenye dawa akumbuke dawa. Haiwezi kumnunulia dawa, wala kupunguza chumvi kwenye mboga, wala kubadilisha kidonge kisichomfaa. Kwa hiyo iweke mahali pake: ni uzi wa kuwaunganisha, na ni rahisi kuliko vyote.

Ukitaka kuiga njia hii nyumbani, chagueni siku moja ya wiki, mtu mmoja wa kuuliza, na makubaliano kwamba kimya kikizidi siku mbili mtu anapigiwa au anatembelewa. Hapo simu ya kitochi inatosha. Kwa mzazi asiyesoma vizuri, piga, au tuma ujumbe wa sauti wa WhatsApp naye ajibu kwa sauti. Anza na "shikamoo mama, umeamkaje" kabla ya kuuliza namba. Mama anayeulizwa namba tu anajiona amegeuka faili la hospitali.

Programu za simu

Programu za magonjwa sugu ziko za aina mbili, na watu huzichanganya.

Aina ya kwanza ni ya kuandikia vipimo. Inayojulikana zaidi kwa kisukari ni mySugr, iliyoanzia Vienna, Austria, na ambayo tangu 2017 ni mali ya kampuni ya Roche. Ukiwa na baadhi ya mashine za Accu-Chek zenye Bluetooth, namba inaingia yenyewe bila kuandika, na unaweza kutoa ripoti ya kumpelekea daktari. Kwa anayependa kupanga mambo yake ni msaada mkubwa. Siku ya kwanza tu, ingia kwenye mipangilio uhakikishe kipimo ni mmol/L, kwa sababu ile kadhia ya mg/dL ipo na humu. Kenya kuna Afya Pap, iliyotengenezwa na kampuni ya Baobab Circle kwa ajili ya watu wenye kisukari na presha, na faida ya programu ya huku ni kwamba aliyeitengeneza anajua ugali, chapati na wali wa nazi ni nini. Programu nyingi za nje zinakutaka uchague chakula kwenye orodha ambayo mihogo haimo.

Aina ya pili ni ya kukumbusha dawa, na hapa anayeuguza ananufaika zaidi. Medisafe ina kipengele cha kumteua ndugu ambaye anapata taarifa mgonjwa asipoweka alama kwamba amemeza. Kwa mzee mwenye vidonge vya sukari asubuhi, vya presha mchana na vya lehemu usiku, hiyo inaondoa ugomvi mwingi. Udhaifu wake uko wazi: programu inajua kwamba kitufe kimebonyezwa, haijui kama kidonge kimemezwa. Na kama bando la mzee limeisha, kimya chake hakimaanishi kwamba hakumeza. Hesabu vidonge vilivyobaki kila unapokwenda kumwona.

Kati ya aina hizi mbili, kama mgonjwa anatumia simu kwa kupiga na WhatsApp tu, mimi ningeweka ile ya kukumbusha kwenye simu yake na ile ya vipimo kwenye simu ya anayemuuguza. Mzee asibebeshwe kazi ya kuandika namba kwenye vidirisha vidogo asivyoviona. Kazi yake iwe moja: kupiga picha kioo cha mashine na kuituma. Picha ina saa, haina kosa la kunakili, na wewe unaiingiza unapopata nafasi.

Kabla ya kusajili chochote, tazama kama programu imesasishwa miezi ya karibuni, na kama inakuruhusu kutoa kumbukumbu zako. Programu za afya hufungwa; zinapofungwa, namba za miaka miwili huenda nazo. Toa nakala kila unapokwenda kliniki.

Na kuna programu ambazo si za kufuatilia ugonjwa kabisa lakini zinaingizwa kwenye mjadala huu. Ada, ambayo tangu 2019 ina toleo la Kiswahili, inakuuliza maswali kuhusu dalili na kukuelekeza nini huenda kinakusumbua. Inafaa kwa dalili mpya. Haikusudiwi kuendesha kisukari cha miaka 10. M-TIBA ya Kenya, iliyozinduliwa 2016 na Safaricom pamoja na PharmAccess na CarePay, ni mkoba wa pesa za matibabu ndani ya simu: ukimwekea mzazi pesa humo, zinatumika kwenye vituo vya afya vilivyosajiliwa, hazigeuki nauli wala unga. Kwa aliye mbali, jambo hilo linaweza kusaidia kuliko grafu yoyote, maana wagonjwa wengi wanaoacha dawa wanaziacha kwa sababu ya pesa.

Sensa ya sukari

Sensa ni kidude kidogo kinachobandikwa nyuma ya mkono wa juu au tumboni, kikiwa na uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi. Kinasoma sukari iliyo kwenye majimaji ya katikati ya seli, siyo damu yenyewe, kwa hiyo kinachelewa dakika kadhaa nyuma ya damu. Sukari ikiwa inashuka kwa kasi, sensa inaweza kuonyesha 5 wakati mgonjwa tayari anatetemeka. Akitetemeka, akitoka jasho, akiongea ovyo, amini mwili wake: toboa kidole.

Majina mawili yanatawala. FreeStyle Libre ya Abbott, iliyoanza kuuzwa Ulaya mwaka 2014, hukaa siku 14 (matoleo ya Plus siku 15). Ile ya kwanza inabidi uipitishie simu au kisomeo juu yake ndipo upate namba, tena ndani ya kila saa 8, la sivyo kumbukumbu za kabla ya hapo zinapotea, na haina kengele. Libre 2 ilileta kengele za sukari kushuka na kupanda, na Libre 3 inatuma namba yenyewe kila dakika. Dexcom G6 na G7 ya kawaida hukaa siku 10 na hutuma namba kila dakika 5 bila kupitisha kitu.

Kwa anayeuguza, tofauti kubwa iko kwenye kushirikishana. Libre ina programu ya LibreLinkUp, Dexcom ina Follow. Mgonjwa akiruhusu, ndugu zake wanaona namba kwenye simu zao popote walipo, na kwa sensa zenye kengele wanasikia pia. Binti aliye Oman anaweza kuamshwa saa 8 usiku kwamba sukari ya mama aliye Tanga iko 3.4. Nimeyaona hayo kwenye familia jirani, na yana pande mbili. Binti anaona, lakini yuko ng'ambo ya bahari. Kama hakuna mtu ndani ya nyumba ile ile anayeweza kuamshwa kwa simu, akachanganya vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji, akampa mama, akarudia kupima baada ya dakika 15, basi sensa imempa binti usiku wa mateso bila kumpa mama msaada. Mtafute huyo mtu wa karibu kwanza, jirani au mjukuu, ndipo ununue sensa. Na muda mwingine kengele ni ya uongo: mgonjwa akilalia mkono wenye sensa, namba hushuka kwa kubanwa tu. Vitamini C ya dozi kubwa nayo huweza kuipandisha namba ya Libre.

Kuna mambo matatu ya kuhakikisha kabla ya kutuma pesa. Simu iwe na NFC, yaani uwezo wa kusoma kifaa kwa kukisogeza karibu nacho, kwa sababu Libre inahitaji hiyo kuanzishwa, na simu nyingi za bei nafuu hazina. Programu ipatikane kwenye duka la programu la nchi ya mgonjwa, kwani hizi hufunguliwa nchi kwa nchi. Sensa ya Uingereza inaweza kufika Dar es Salaam ikakosa cha kuisoma. Na piga hesabu ya mwaka: kwa siku 14 ni sensa 26, kwa siku 10 ni 36 au 37. Kama familia inaweza kulipia 3 tu, hizo nazo zina faida. Wiki mbili za sensa kabla ya kumwona daktari, mara moja au mbili kwa mwaka, zinaweza kuonyesha sukari inayoshuka saa 9 usiku ambayo hakuna stripu ingeiona. Itumie hivyo kwa makusudi, siyo kwa kuanza na kukatikiwa.

Ramadhani nayo ni wakati sensa inajilipa kwa mtu wa insulini anayetaka kufunga na daktari wake amekubali. Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unasema afungue mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, na saa za hatari ni zile za kabla ya magharibi. Asiye na sensa apime kwa kidole; wataalamu wa mwongozo huo wanasisitiza kwamba kujitoboa kupima hakuvunji saumu.

Saa na pete za kupima sukari bila kutoboa

Usinunue. Februari 2024 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kupenya ngozi. Hizo zinazouzwa mitandaoni kwa bei ya stripu za mwezi mmoja zinatoa namba, na mtu wa insulini akizifuata anaweza kufa.

Kundi la WhatsApp na siri ya mgonjwa

Makundi ni ya aina mbili: la familia, na la wagonjwa wenzake. La wagonjwa wenzake lina joto ambalo wewe mwenye afya huwezi kulitoa. Mtu akisema amechoka kujitoboa, wanaojibu ni waliochoka kama yeye. Lakini chagua lenye muuguzi au daktari ndani yake na kanuni ya kutouza dawa. Kundi linaloanza kutangaza mizizi inayoponya kisukari kabisa, ondoka siku hiyo hiyo. Wapo wanaoacha insulini kwa ajili ya ahadi hizo.

La familia linahitaji mtu mmoja mwenye zamu. Bila zamu, mama anatuma 16.8, watu tisa wanaandika "pole mama", na kila mmoja anaamini mwenzake amepiga simu. Mwenye zamu wiki hii ndiye anayepiga, ndiye anayeamua kwenda kituo cha afya.

Tena muulize mgonjwa nani anaruhusiwa kuona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, na ile ya Kenya ya 2019, zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ndani ya familia hakuna mahakama, ila kuna heshima: baba hapendi wakwe zake wajue dawa anazotumia, na ana haki hiyo.

Sasa, kwa mgonjwa wako

Mzazi wa kijijini mwenye presha, anayetumia vidonge, simu ya kitochi: mashine ya mkono wa juu, daftari, na simu yako ya Jumapili. Ukiwa Kenya, uliza pia mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo lenu. Tangu Septemba 2023 serikali imewapa wahamasishaji 100,000 vifaa vyenye mashine ya presha na ya sukari, pamoja na simu ya kuingizia taarifa. Huenda anayepima yupo nyumba ya tatu.

Mzazi wa mjini mwenye kisukari aina ya 2 na vidonge vingi: programu ya kukumbusha dawa, sanduku la vidonge lenye siku saba, picha za mashine kwa siku alizopanga daktari. Sensa siyo lazima. Akianza insulini, fikiria ile ya wiki mbili.

Baba aliyepata kiharusi, anayehudumiwa na dada wa kazi au mjukuu: kifaa ni cha huyo anayekaa naye, siyo chako wewe unayelipa. Mfundishe yeye kupima, andika ukutani kwa herufi kubwa namba ambayo akiiona anakupigia, na namba ambayo haisubiri simu bali bodaboda au gari la wagonjwa. Daktari ndiye awape namba hizo mbili.

Mtoto mwenye kisukari aina ya 1: hapa, kama kuna pesa popote kwenye ukoo, iende kwenye sensa yenye kengele. Mtoto hushuka ghafla, hawezi kujieleza akiwa usingizini, na mama yake halali. Kama pesa haipo, uliza kliniki ya watoto kuhusu mpango wa Changing Diabetes in Children wa Novo Nordisk, ambao Tanzania, Kenya na Uganda zimo, na ambao hutoa insulini na vifaa vya kupimia bure kwa watoto waliosajiliwa. Kwa shuleni, mwalimu wa darasa hahitaji programu. Anahitaji karatasi moja yenye dalili za sukari kushuka, soda ya kawaida iliyofungwa kabatini kwake, ruhusa ya mtoto kutoka nje bila kunyoosha mkono, na namba mbili za simu ambazo lazima mojawapo ipokelewe.